Umenoa wembe wa babu siku nzima na bado unang'oa ndevu? Tatizo liko kwenye jiwe la kwanza

Mtoto akililia wembe mpe, wahenga walisema, ila hawakusema huo wembe uwe umenolewa au la. Naona vijana wengi siku hizi wanazitaka zile nyembe za kukunja za zamani, chuma kizito na mpini wa pembe ya ng'ombe, zile ambazo vinyozi walikuwa nazo kabla ya hivi viwembe vya kuchomeka na kutupa. Mtu anaagiza mmoja kutoka Uingereza au Ujerumani, au anaukuta kwenye sanduku la babu, anautia kwenye kinoo, ananoa weee mpaka kiganja kinauma, akijaribu shavuni unang'oa ndevu na machozi yanamtoka. Akiuliza anaambiwa jiwe lako namba yake ndogo, yaani chembe zake ni kubwa, nunua la 12000, nunua la asili la Kijapani, nunua mkanda wa ngozi ya farasi wa kusugulia wembe. Anatoa hela, anarudia, wembe unang'oa vile vile, tofauti ni kwamba sasa unang'oa huku unang'aa.

Mimi nasema hivi: makali ya wembe yanapatikana kwenye jiwe la kwanza, lile la kawaida la namba 1000 ambalo hata seremala wa mtaani anaweza kuwa nalo. Mawe yanayofuata yanaleta ulaini, yaani ngozi isiwake moto baada ya kunyoa, lakini hayawezi kuleta makali ambayo hayakuwepo. Ukishaelewa kwa nini iko hivyo, nusu ya maneno unayoambiwa kuhusu kunoa yanapungua yenyewe.

Tuanze na umbo. Ukinoa panga, mkono wako ndo unaoamua pembe, unainua kidogo unashusha kidogo, maisha yanaendelea. Wembe wa kukunja haukuachii uamuzi huo. Unaulaza chini kabisa kwenye jiwe, mgongo unagusa na makali yanagusa kwa wakati mmoja, na pembe imeshapatikana hapo hapo, aliyeipanga ni fundi wa Sheffield kule Uingereza au Solingen kule Ujerumani aliyeusaga huo wembe pengine miaka mia iliyopita. Hesabu yake si ngumu: wembe wenye upana wa milimita 18 kutoka mgongoni mpaka kwenye makali, na mgongo wenye unene wa milimita 5, unatoa pembe ya kama digrii 16 ukijumlisha pande zote mbili. Kisu cha jikoni mara nyingi kina 30 au zaidi. Kwa hiyo kazi yako wewe si kutafuta pembe, kazi yako ni kutouinua mgongo hata kidogo, kuanzia mwanzo wa safari ya jiwe mpaka mwisho. Ndo maana migongo ya nyembe za zamani ina mistari miwili bapa inayong'aa, hiyo ni alama ya jiwe, na ukikuta mstari wa upande mmoja mpana kuliko wa upande wa pili ujue aliyeutumia kabla yako alikuwa anakandamiza upande mmoja, au wembe umepinda.

Sasa pale chini kwenye makali yenyewe kuna slopu mbili ndogo, moja kila upande, kwenye nyembe nyingi upana wake hata milimita moja haufiki. Hizo slopu mbili zinatakiwa zikutane. Chukua paa la bati, mabati ya upande huu na ya upande ule yakutane kule juu kwenye kofia. Yakiacha mwanya mvua inaingia, na hata ukipaka rangi ya bei gani mvua itaendelea kuingia. Wembe uliochakaa una mwanya wa namna hiyo, ule ukingo ambapo slopu zinakutana umelika ukawa mviringo. Jiwe la 1000 linakula chuma pande zote mbili mpaka slopu zikutane tena ukingoni, urefu wote wa wembe bila kuruka sehemu. Jiwe la 8000 au 12000 ni rangi. Linakula chuma kidogo mno, ukilipa kazi ya kuziba mwanya utasugua mpaka uzeeke.

Ila kabla hujalowesha jiwe angalia wembe wenyewe, maana kuna nyembe ambazo hata aje nani hazinoleki. Ulaze kwenye kioo cha dirisha uone kama unachezacheza, ukicheza umepinda, na wembe uliopinda unanoleka lakini si wa kuanzia kujifunza. Angalia makali kwa ubavu: yakiwa yamenyooka au yamevimba kidogo katikati ni sawa, yakiwa yamebonyea katikati achana nao, utalazimika kula chuma kingi mno ndo yanyooke. Ufa wowote, hata mdogo, hesabu huo wembe ni pambo. Kutu ya juu juu isikutishe, inatoka kwa mafuta na msasa laini, kinachotisha ni vile vishimo vyeusi vilivyo karibu na makali, kwa sababu kila ukinoa unayasogeza makali kuelekea kwenye kishimo na siku ukikifikia chuma kinapukutika hapo hapo na kuacha pengo.

Kuhusu umri, kidokezo kimoja kinasaidia. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ile inayoitwa ya McKinley, ililazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, ndo maana nyembe zilizotengenezwa kwa soko la Marekani baada ya hapo zimegongwa Germany au England kwenye shina, yaani kile chuma kati ya mpini na ubapa. Ukikuta taji na herufi V.R. huo unasema ni enzi ya Malkia Victoria, 1837 mpaka 1901, na W.R. ni mfalme aliyemtangulia. Na yale maandishi ya "silver steel" yasikupandishie bei, eti chuma cha fedha. Yana historia yake nzuri tu: Michael Faraday, huyu huyu wa umeme, pamoja na mfua visu James Stodart walijaribu kuchanganya chuma cha pua na fedha kidogo na madini mengine, wakachapisha majaribio yao 1820 na 1822, na Faraday alikuwa anawagawia marafiki nyembe za chuma chake. Viwanda vya Sheffield vikaona jina linauza. Kwa kunoa halikubadilishii kitu.

Kinachokubadilishia ni jinsi ulivyosagwa. Nyembe za mwanzo za Sheffield, za kiwanda cha Wade & Butcher na wenzao, nyingi ni nene, ubavu wake umenyooka au umechimbwa kidogo tu kutoka mgongoni mpaka chini, kwa hiyo slopu yake ni pana na jiwe lina chuma kingi cha kula. Nyembe za baadaye za Solingen zimechimbwa ubavuni mpaka chuma kinakuwa chembamba kabisa karibu na makali, ukikigusa kwa ukucha unaona kinabonyea. Hizi zinanoleka haraka ila zina mtego wake: ukikandamiza, chuma kinajikunja na makali yananyanyuka kutoka kwenye jiwe, unanoa sehemu ya nyuma yake. Mtu anaona haunoleki anakandamiza zaidi, na kadiri anavyokandamiza ndo unavyozidi kutonoleka.

Haya, jiwe la kwanza. Kwanza lisawazishe, maana jiwe jipya si lazima liwe bapa na la zamani lazima limebonyea katikati. Chora mistari ya penseli juu yake kwenda na kurudi, weka msasa wa maji juu ya tailizi nzima au kioo kinene, mwaga maji, sugua jiwe mpaka mistari yote ifutike. Sehemu ambayo penseli imebaki ndo bonde. Wengine wana bamba la almasi la kazi hii, ni zuri, halina ulazima.

Chukua makapeni, paka slopu zote mbili na kimstari kidogo cha mgongo. Upitishe wembe kwenye jiwe mara moja au mbili kwa uzito wake tu halafu utazame, ukiwa na ile lenzi ndogo ya sonara inayokuza mara 10 au zaidi ni bora sana. Wino umeniambia mengi kuliko mwalimu yeyote. Kama umefutika kwenye slopu lakini umebaki kamstari chembamba pale ukingoni kabisa, jiwe linafanya kazi nyuma ya makali, bado una safari. Kama umefutika katikati na kwenye ncha, yaani mwisho wa wembe ulio mbali na mpini, lakini umebaki kwenye kisigino, yaani sehemu iliyo karibu na mpini, angalia kama hujapandisha bega la wembe juu ya jiwe, lile sehemu nene linalounganisha shina na ubapa. Bega likipanda jiwe linauinua wembe, kisigino kinabaki hewani, na hili ni kosa la kawaida mno kiasi kwamba nyembe nyingi za zamani zina kisigino kilicholika vibaya. Sogeza wembe mbele kidogo, bega libaki nje ya jiwe.

Kushika: vidole vishike shina, mpini uachie uning'inie, usiutumie kuendeshea. Makali yanatangulia mbele, tofauti na kwenye mkanda wa ngozi, na kwa sababu wembe kawaida ni mrefu kuliko upana wa jiwe unausukuma kwa mshazari, unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe unamalizia ncha ikiwa juu ya jiwe. Ukifika mwisho ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, mgongo usiondoke kwenye jiwe, halafu rudi. Kwenye jiwe hili la kwanza unaruhusiwa kukaa upande mmoja ukienda na kurudi mara 20 au 30, na kidole kimoja juu ya wembe kwa uzito kidogo, kisha unageuza na kufanya idadi ile ile upande wa pili. Halafu unapunguza uzito, unapunguza, mpaka unamalizia na uzito wa wembe peke yake.

Utajuaje slopu zimekutana? Kuna njia nyingi na watu wanagombana kuhusu ipi bora, mimi natumia tatu na nataka zote zikubaliane.

Ya kwanza ni maji. Mwagia jiwe maji kidogo, sukuma wembe polepole makali yakiwa mbele, uyatazame maji yaliyo mbele ya makali. Mwanzoni yanapenya chini ya wembe yanapotea. Slopu zikishakaa bapa na kukutana, maji hayana pa kupita, yanapanda juu ya ubapa wa wembe, unaona kamstari ka maji kanatembea juu ya makali kuanzia kisigino mpaka ncha. Kakikatika mahali, hapo makali hayajagusa. Ukishakaona mara moja hutakasahau, na uzuri wake unakaona kazi ikiendelea, huhitaji kusimama kukagua.

Ya pili ni mwanga. Kausha wembe, geuza makali yatazame juu, simama chini ya balbu au karibu na dirisha, uyatazame makali kwa juu huku unauyumbisha wembe taratibu. Makali yaliyokutana hayaonekani, hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona nukta nyeupe ni pengo au sehemu butu, ukiona mstari mweupe ni mwanya mzima, rudi kwenye jiwe.

Ya tatu ni nywele za mkono, na hapa wengi wanajidanganya kwa sababu wanajaribu katikati ya wembe tu. Katikati siku zote ndo kunatangulia kunoleka. Jaribu kisigino, jaribu ncha, upitishe usawa wa ngozi bila kukwangua, na wembe uliotoka kwenye 1000 tu, bila mkanda bila chochote, unatakiwa uchukue nywele kila sehemu. Usipochukua usiende mbele. Kama una subira ya jambo moja tu katika shughuli hii yote, iweke hapa, maana wembe mzuri wa Solingen unaweza kukuchukua dakika kama 15, mnene wa Sheffield uliolika vibaya unaweza kula jioni nzima.

Halafu kuna ugomvi wa tepu. Wengine wanabandika ile tepu nyeusi ya fundi umeme kwenye mgongo ili jiwe lisiule, wengine wanasema ni dhambi. Tepu ina unene wa kama milimita 0.15, ukihesabu pande zote mbili unaongeza unene wa mgongo kama milimita 0.3, na kwenye wembe wetu wa mfano pembe inapanda kwa karibu digrii moja. Kunyoa hutaona tofauti. Mimi naona kwenye wembe mnene au wenye nakshi mgongoni bandika, kwenye mwingine wowote acha, kwa sababu mgongo na makali vinatakiwa vilike pamoja, ndo vinavyolinda ile pembe. La muhimu ni kwamba ukianza na tepu umalize na tepu, ukiitoa katikati pembe imebadilika na unaanza upya bila kujua.

Sasa namba za mawe, hapa kuna msitu. Namba inahusu ukubwa wa chembe, ikipanda chembe zinakuwa ndogo, hilo kila mtu analijua, shida ni kwamba vipimo viko vingi na kampuni hazifanani. Jiwe la 1000 la Kijapani lina chembe za maikroni 11 mpaka 15 hivi, maikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu. Msasa wa maji wa P2000, ule wa mafundi rangi za magari, una chembe za kama maikroni 10. Umeona? Msasa wa "2000" ni jirani wa jiwe la "1000", kwa hiyo mtu anayemaliza wembe wake kwenye msasa wa 2000 akidhani amelivuka jiwe la 1000 mara mbili, hajatoka mbali. Hata mawe yenyewe, 8000 ya Norton inatajwa kuwa kama maikroni 3 na 8000 ya Shapton iko chini ya 2. Kwa hiyo ukisikia mtu anabishana 8000 inatosha au haitoshi muulize kwanza ya nani.

Kazi ya mawe haya ni moja: kufuta mikwaruzo ya jiwe lililotangulia. Mikwaruzo ya 1000 inafika mpaka ukingoni na kuyafanya makali yawe na meno madogo, yanakata lakini yanachuna ngozi. 4000 inaweka mikwaruzo midogo zaidi, 8000 midogo zaidi tena. Seti ya 1000, jiwe la kati na 8000 inatosha mtu kunyoa vizuri maisha yake yote. Kwenye haya mawe ya juu hakuna kukandamiza kabisa na hakuna kukaa upande mmoja, ni kwenda na kurudi, huku na huku, na angalia ile hali ya mikwaruzo ubavuni mwa slopu kwa lenzi, ukiona ya zamani imeisha umemaliza. Ukiendelea kwa raha zako tu chuma cha ukingoni kinakuwa chembamba mno kinajikunja kama uzi, ukipitisha leo unanyoa vizuri, kesho umekatika. Dawa yake ni kuvuta wembe kinyumenyume mara chache, mgongo ukitangulia, kisha kurudia kidogo kawaida.

Mawe ya asili ni mapenzi zaidi kuliko mahitaji. Kuna koticule la njano linalochimbwa milima ya Ardennes huko Ubelgiji, limejaa chembe za madini magumu ya garneti zilizo mviringo ambazo hazichimbi sana, ukilisugua na kijiwe chenzake linatoa uji mzito unaokata haraka na uji ukiuongezea maji linageuka la kumalizia, yaani jiwe moja kazi mbili. Kuna ya Thuringia ya Ujerumani, ya Arkansas kule Marekani, ya milima ya Kyoto kule Japani. Mazuri yote, kila moja na tabia yake, na hakuna hata moja litakaloziba mwanya ulioachwa kwenye 1000.

Baada ya jiwe ni mkanda, kitambaa kigumu kwanza kisha ngozi, mara 50 hivi, na hapa mgongo ndo unatangulia. Ukisahau ukatanguliza makali umechana mkanda. Mkanda ukaze, ukilegea unazungusha makali yawe butu. Hii unafanya kila siku kabla ya kunyoa, mawe unayarudia baada ya miezi.

Na mbona ndevu laini zinaharibu chuma? Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walilitazama hilo kwa hadubini na kuchapisha kwenye jarida la Science mwaka 2020: unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa kama mara 50, lakini ukijipinda wakati unakatwa unavuta ukingo kwa ubavu, na kwa kuwa chuma hakifanani kila mahali, kinameguka pale penye udhaifu. Kwa hiyo ngozi uivute ikaze, wembe ulale karibu na uso, kama digrii 30, na ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji kweli kweli, maji ya moto na sabuni dakika kadhaa, udevu uliolowa unakatika kwa nguvu ndogo. Wembe huu ni wako peke yako. Kinyozi ana sababu nzuri ya kufungua kiwembe kipya kwa kila mteja, na mpini wa pembe huwezi kuuchemsha ukabaki salama.

Ukimaliza kausha mpaka kwenye msumari wa mpini, acha wembe wazi upigwe na hewa kabla ya kuukunja, na paka mafuta kidogo ya cherehani, hasa kama unakaa Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi inakula chuma hiki usiku mmoja. Mipini ya seluloidi ichunguze zaidi, ile ya rangi rangi inayoonekana kama plastiki, maana ikizeeka vibaya inaanza kutoa gesi yenye asidi. Dalili ni kutu inayoota ghafla sehemu ile ya wembe inayolala ndani ya mpini wakati kwingine ni kusafi. Huo uutoe kwenye sanduku siku hiyo hiyo, nyembe za jirani nazo zitaanza, na mpini ubadilishwe kabla hujafikiria habari za jiwe.